Mwanafunzi wa Dawati la Nyuma

Jumatatu, 5 Oktoba

Mwalimu Zdravka ametuambia tuandike kila siku, hata mstari mmoja, na ameahidi hatasoma. Haya, naandika. Naitwa Tsonka, mpishi wa chekechea, mjane wa miaka hamsini na moja, na leo nimekaa kwenye kiti cha mtoto mpaka magoti yamenigusa kidevu.

Darasani, katika shule ya jioni ya watu wazima, wengi ni vijana wa kiwanda cha mbao, wanaopiga miayo. Dawati la mbele tumekaa watatu. Mwalimu akatuuliza mmoja mmoja: umekuja kutafuta nini? Nikasema kweli. Siku hizi mpishi wa watoto hapati mkataba bila cheti cha darasa la nane, na mimi niliacha la sita mama alipougua. Mzee Gencho, aliyechunga kondoo maisha yake yote, alisema anataka cheti cha kutundika juu ya televisheni, ili mkewe akiangalia tamthilia zake za Kituruki amwone na yeye. Tulicheka mpaka vijana wakaamka. Nevena, mke wa binamu yangu Lyuben, alisema kwa sauti ndogo: "Leseni ya gari. Bila darasa la nane hawatoi. Mama mkwe anatakiwa kupelekwa hospitali kila mwezi."

Lyuben alimsubiri nje ndani ya gari, injini ikiunguruma, tangu mwanzo wa kipindi hadi mwisho. Tulipotoka akatugawia mbegu za maboga za kukaanga, bado zina moto.

"Mume kama huyu," mwalimu akaninong'oneza, "angepaswa kukatwa vipande tugawane."

Jumatano, 7 Oktoba

Hesabu za sehemu: nusu, robo, theluthi. Kichwa kinauma.

Jumamosi, 10 Oktoba

Lyuben amekuja kunipasulia kuni za baridi, kama anavyofanya kila mwaka tangu mume wangu afariki. Hajawahi kudai hata kikombe cha kahawa. Nikampa pilipili za kuoka na pombe kidogo ya rakia.

"Nevena anakaa na nani darasani?" akauliza akifuta shoka.

"Na mimi na mzee Gencho. Una wivu na Gencho?"

Akacheka sana. "Dada Tsonka, wewe ni macho yangu mle ndani. Ananiambia mambo kidogo kidogo tu. Nataka nijue anaendeleaje."

Nikamwambia yote. Kwamba anasoma kama maji, kwamba ananisaidia sehemu, kwamba vijana wa mbao wanaacha kupiga miayo akisimama ubaoni. Nilijisikia vizuri kumsifia mke wake.

Jumatatu, 19 Oktoba

Mvua. Nevena alivaa sweta lenye shingo ndefu akatoka jasho kipindi kizima.

Jumanne, 20 Oktoba

Mvua. Watoto wamegoma kula dengu.

Jumatatu, 2 Novemba

Mwalimu amerudisha insha. Ya Nevena aliisoma mbele ya wote, kisha akavua miwani. "Binti, usiishie la nane. Wewe unaweza kufika mpaka uuguzi." Nevena akawa mwekundu hadi masikioni, akaanza kuvuta msuko wake, ule mnene unaofika kiunoni.

Nje ukungu wa mto Danubi ulikuwa umepanda mpaka barabarani. Niliona taa mbili tu, nikajua ni Lyuben. Nikamgongea kioo, nikampa habari kabla mkewe hajafika.

"Muuguzi?" akasema. "Kweli?" Akatabasamu, akapandisha kioo.

Jumatano, 4 Novemba

Nevena hakuja.

Jumatatu, 9 Novemba

Nevena amekuja. Msuko hakuna. Nywele zimekatwa juu ya masikio, upande mmoja zimebaki ndefu, nyuma ngozi inaonekana.

"Nilichoka nazo," akasema kabla hatujauliza.

Mzee Gencho alimtazama muda mrefu. "Mwanangu, mimi nimenyoa kondoo mpaka nimezeeka. Aliyekunyoa ama alikuwa na haraka, ama alikuwa na hasira."

Nevena akafungua kitabu cha jiografia. Mimi nilijiambia: mzee anapenda kuongea tu.

Jumatatu, 16 Novemba

Habari ya leo ni kubwa. Lyuben amejiandikisha! Kumbe na yeye aliishia la saba. Aliingia na kofia mkononi, akamwambia mwalimu, "Naona aibu mke wangu anazidi kunipita. Mtanipokea?" Mwalimu nusura amkumbatie. Vijana wakapiga makofi. Akachagua dawati lililo nyuma yetu, nyuma ya Nevena hasa, akakaa, akaweka mikono yake mikubwa juu ya meza.

Ni mchekeshaji. Mwalimu alipouliza mji mkuu wa Ureno, akajibu, "Mimi sijaalikwa huko bado." Darasa zima likacheka.

Nevena aliulizwa swali jepesi kabisa, la kujumlisha. Akasema hajui.

Jumatano, 18 Novemba

Nevena hajui.

Jumatatu, 23 Novemba

Ukungu. Nevena ameulizwa kitenzi ni nini. Hajui. Mwalimu anasema amechoka, majira ya baridi yanachosha watu.

Jumapili, 6 Desemba

Leo ni sikukuu ya Mtakatifu Nikola, na Lyuben alinialika kula samaki kwao. Samaki wa mtoni, tumbo limejazwa wali, vitunguu na zabibu kavu. Nevena amepika vizuri kuliko mimi, na mimi hilo si jambo ninalosema ovyo.

Sikuwa nimeingia nyumba hiyo tangu mazishi ya baba yake Lyuben. Niliomba kwenda chooni. Nikatembea ndani, nikahisi kitu hakipo, lakini sikujua ni nini, mpaka nilipofika chooni nikatafuta mlango wa kufunga. Hakuna. Chumba cha kulala hakina. Jikoni hakuna. Milango yote ya ndani imeng'olewa, bawaba zimebaki ukutani. Chooni kuna pazia la nailoni, fupi, miguu inaonekana.

"Milango umeipeleka wapi?" nikauliza niliporudi mezani, nikijaribu kutania.

"Bandani," akasema Lyuben, akinitolea miiba kwenye kipande changu. "Tuna jiko moja la kuni. Joto lizunguke."

Tulipokuwa tunaosha vyombo, yeye akiwa ametoka kumfunga mbwa, Nevena alifungua bomba mpaka mwisho. Chini ya kelele za maji akaniambia, bila kunitazama:

"Dada Tsonka, nakuomba. Usimwambie kitu chochote kizuri juu yangu."

Jumatatu, 7 Desemba

Sikulala. Nilimwambia anasoma kama maji, na siku tisa baadaye akaja na sweta la shingo ndefu. Nilimwambia uuguzi, na kufikia Jumatatu msuko ulikuwa umekwenda. Na kuni ninazoota moto wake zimepasuliwa na mkono uleule. Nimewasha jiko asubuhi, nikakaa mbali nalo.

Jumatano, 9 Desemba

"Mwenzangu anaendeleaje mchana, akija kukusaidia hesabu?" Lyuben ameniuliza mlangoni.

"Mzito," nikasema. "Kichwa kigumu kama jiwe."

Akaridhika. Akanipiga begani. Nevena alikuwa amesimama palepale, akanishukuru kwa macho, na mimi nikaona aibu kwamba shukrani yake ni kwa kumtukana.

Jumatano, 16 Desemba

Barafu pembeni mwa mto. Mbweha wameshuka mpaka kwenye mapipa ya takataka. Lyuben na kundi lake la wawindaji wanawapiga risasi ndani ya ukungu, na sisi darasani tunasikia milio bila kujua inatoka upande gani. Leo hakuwepo darasani kwa sababu hiyo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ajiandikishe.

Nevena alinyoosha mkono maswali yote. Yote. Mwalimu alibaki mdomo wazi. Wakati wa mapumziko nikamvuta kwenye stoo ya ramani.

"Leseni ni uongo," akaniambia upesi. "Ni neno ambalo Lyuben alilikubali kwa ajili ya mama yake. Mjini mkoani kuna kozi ya wauguzi wasaidizi. Bweni lipo, chakula kipo. Wanachotaka ni cheti cha la nane tu."

"Kwa nini usiondoke sasa hivi? Nitakupeleka mwenyewe kwenye basi."

"Nimeshaondoka mara mbili, dada. Mara zote nilirudi kwa miguu yangu. Nani anamchukua mtu asiye na kitu? Nilifagia, nikalala kwenye kochi la watu, wakanichoka. Yeye alikuja na maua, nikapanda gari. Safari hii nataka niende nikiwa na kitu mkononi, ili akija na maua niwe na pa kusimama."

Mlio mwingine wa bunduki ukasikika. Nevena hakushtuka. Anajua sauti ya bunduki yake.

Alhamisi, 24 Desemba

Mkesha. Nimekaa peke yangu na maharage, na mkate nimeukata kama ilivyo desturi ya mkesha, kipande cha nyumba na kipande cha marehemu. Nawaza.

Jumatatu, 4 Januari

Nimekwenda kituo cha polisi. Mkuu wa kituo ni mmoja wa wale wawindaji, lakini nilisema, polisi ni polisi.

"Lyuben?" akasema. "Mtu wa watu yule. Amempiga? Kuna alama?"

"Ameng'oa milango."

"Mama Tsonka, mtu kung'oa mlango wa nyumba yake si kosa. Ni ukarabati."

Hilo lilikuwa saa nne asubuhi. Jioni, darasani, nilipokuwa navua koti, Lyuben aliinama nyuma yangu mpaka nikasikia harufu ya tumbaku.

"Nasikia unapenda sana milango, dada."

Niliacha daftari limefungwa hadi kipindi kikaisha. Sikuandika hata herufi.

Jumatano, 6 Januari

Nevena hakuja. Lyuben alikuja peke yake, akakaa nyuma ya kiti kitupu.

Jumatatu, 11 Januari

Amekuja. Anatembea taratibu, kama anayebeba maji kichwani. Sina la kuandika. Hilo nimelileta mimi kwa kwenda polisi.

Jumatano, 13 Januari

Insha ya mwisho kabla ya mtihani: "Elimu itanipa nini?" Mzee Gencho aliandika mistari mitano, yote juu ya televisheni. Lyuben aliomba kusoma yake. Alisimama vizuri, kofia mkononi, akasoma bila kukwama:

"Mtu aliyesoma hadanganywi. Zamani karatasi ziliweza kupita nyumbani kwangu nisizielewe. Sasa kila karatasi itasimama mbele yangu kwanza. Mke wangu akisoma kitabu, nitakisoma. Akienda darasa la tisa, nitakwenda la tisa. Akifika chuo kikuu nitakuwa dawati la nyuma. Kwa hiyo namshukuru mwalimu, kwa sababu elimu imeniwezesha kuwa karibu na familia yangu."

Vijana walicheka na kupiga makofi. Mwalimu Zdravka hakupiga. Nilikuwa namtazama. Macho yake yalitoka kwenye uso wa Lyuben yakashuka kwenye shingo ya Nevena, kwenye zile nywele, yakakaa hapo.

Kengele ilipolia alijifanya ananiuliza habari za sehemu. "Tsonka," akasema, midomo haitingishiki, "kesho nitakuja kula chekechea. Tuongee."

Alhamisi, 14 Januari

Alikuja. Alikula supu ya watoto kwenye kiti cha mtoto, akalia kidogo, akajilaumu kwa kumfurahia yule mtu. Nikamwambia tupange foleni, mimi ndiye wa kwanza. Kisha tukaacha kulia tukapanga.

Jumatatu, 25 Januari

Theluji, kisha ukungu juu ya theluji. Gari la mkate linaloleta mikate yetu ya chekechea kutoka mkoani linaendeshwa na Rumyana, mwanamke mwenye mikono kama yangu na mdomo mkali kuliko wangu. Nimemwambia. Akasema, "Nipo mpaka saa nane. Baadaye barabara inaganda na mimi nina wanangu." Nikasema inatosha.

Jumatano, 27 Januari

Mikono yangu bado baridi, lakini nataka kuandika yote kama yalivyokuwa.

Asubuhi tulifanya mtihani wa kuandika. Wajumbe wa mkoa walikuwa watatu, wamekuja na muhuri wao, kwa sababu hawarudi tena mpaka Juni. Mchana ukawa wa kujibu kwa mdomo, mmoja mmoja, na anayefaulu anapewa cheti papo hapo. Mimi nilikuwa wa kwanza. Nimefaulu. Nitaliandika hilo siku nyingine.

Baada yangu Nevena, kisha mzee Gencho, kisha Lyuben. Ndivyo orodha ilivyokuwa, na hapo ndipo tulipokosea. Nevena alipaswa kutoroka Lyuben akiwa ndani, na tulidhani Gencho atamaliza haraka. Lakini Gencho akishaanza kuongea hamalizi, na saa nane ilikuwa inakaribia.

Nevena aliingia. Lyuben akasimama mlangoni. "Uachwe wazi," akawaambia wajumbe. "Joto lizunguke."

"Huu ni mtihani, bwana," mwenyekiti akasema. Mlango ukafungwa. Nilimwona Lyuben akiutazama ule mlango. Sijawahi kuona mtu akitazama ubao namna hiyo. Alikuwa ameshika koti la Nevena na viatu vyake vya theluji. Mle ndani Nevena aliingia na ndala za darasani.

Alitoka na cheti. Alama za juu kabisa. Lyuben akakichukua, akakisoma, akakikunja akakitia kwenye mfuko wa shati lake.

Sikujua la kufanya. Mpango wote ulikuwa kwenye ile karatasi. Katibu akaita: "Gencho Todorakov!"

Mzee Gencho hakuwa ameambiwa kitu na yeyote. Nilikuwa nimeuogopa mdomo wake. Aliinuka, akanyoosha tai aliyoazimwa, akamtazama Nevena na zile ndala, akanitazama mimi. Kisha akashika tumbo.

"Aa, siwezi. Tumbo. Mwiteni Lyuben kwanza, mimi nitamfuata."

"Nitangoja zamu yangu," Lyuben akasema.

Mwalimu Zdravka alitoa kichwa mlangoni. "Lyuben, wajumbe wameona karatasi yako ya asubuhi. Wanasema hawajapata kuona mtu mzima anayeandika hivi. Usiwangojeshe. Na hicho cheti cha mkeo nipe, hakijapigwa muhuri upande wa nyuma."

Nilimwona akipima. Mkewe hana koti wala viatu, na nje kila kitu kimeganda. Na ndani kuna watu watatu wa mkoani wanaotaka kumsikia. Akatoa karatasi. Akambana Nevena kidevu kwa vidole viwili. "Kaa hapa." Akaingia, na koti na viatu vya mkewe chini ya kwapa.

Mlango ulipokuwa unafungwa, mkono wa mwalimu ulibaki nje kidogo, na kile cheti mwisho wa vidole. Nevena akakipokea.

Nilimvika koti langu. Viatu vyangu vilimpwaya, mzee Gencho akavua soksi zake za sufu, nene, zinanuka zizi, akapiga magoti na miaka yake yote akamvalisha. Kupitia mlangoni tulimsikia Lyuben akieleza mito ya Ulaya, kwa sauti nzuri, iliyotulia, na mwalimu akisema, "Endelea. Na vijito vyake?"

Tulipita uani. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba gari la mkate nililigusa kabla ya kuliona. Nevena alipanda nyuma, kati ya kreti. Alitaka kusema kitu, Rumyana akafunga mlango.

Nilirudi na ndala zake miguuni. Nikakaa kwenye benchi, kando ya mzee Gencho.

Lyuben alitoka na cheti chake. Akatazama benchi. Akatazama miguu yangu. Hakupiga kelele. Aliniwekea koti la Nevena mapajani, taratibu, akaenda.

Wajumbe waliondoka kabla ya giza kwa sababu ya barabara. Gencho hakuitwa tena. "Juni si mbali," aliniambia, miguu mitupu ndani ya viatu. "Ukuta haukimbii."

Alhamisi, 28 Januari

Rumyana amesema kwa ufupi, akishusha mikate: "Imefika bidhaa."

Jumatano, 3 Februari

Lyuben alikuja jikoni chekechea watoto wakiwa wamelala. Alikaa. Akaomba supu. Nikampakulia, ningefanya nini. Alikula mpaka mwisho, akafuta bakuli kwa mkate.

"Unajua aliko."

Nilikuwa nimejiandaa kudanganya. Nilikuwa na uongo wa kutosha, nimeupanga kama sahani. Lakini nilikuwa nimechoka kumdanganya mtu aliyenipasulia kuni.

"Najua," nikasema. "Na sikwambii."

Akaitikia kwa kichwa kama anayesikia jibu sahihi. "Mimi si mtu wa hasira, dada. Watu wananikosea. Mimi ni mtu wa kusubiri." Akasimama, akachungulia chumba ambamo watoto walikuwa wamelala, akawatazama sana. "Unatembea peke yako asubuhi, eh? Kabla ya mwanga. Wakati wa mbweha."

Akaosha bakuli lake mwenyewe kabla ya kutoka.

Alhamisi, 4 Februari

Nimetembea. Kulikuwa na ukungu. Kulikuwa na hatua nyuma yangu, nikasimama, zikasimama.

Ijumaa, 5 Februari

Tena.

Jumatatu, 8 Februari

Leo sikwenda kazini. Nilipanda gari la Rumyana mpaka mkoani, nikaenda kwa mwendesha mashtaka, mahali ambapo hakuna mtu anayewinda na binamu yangu. Nilikuwa nimekaa Jumamosi na Jumapili mezani nikiandika maelezo yangu: sweta, msuko, milango, koti, bunduki, hatua. Nilifuta, nikaandika upya. Nilitafuta neno "vitisho" linaandikwaje.

Mwanamke aliyenipokea ni kijana, umri wa Nevena. Alisoma kurasa zote kimya. Alipofika kwenye pazia la chooni alirudi nyuma akasoma tena.

"Nani amekuandikia hii, mama?"

"Mimi."

Akaniambia leo hiihii watatuma watu kuchukua bunduki, watu wa hapa, si wa kituo chetu. Yaliyobaki yatachukua muda, na hawezi kuniahidi, na usiku huu nisilale kwangu. Nikasema nitalala kwa Rumyana. Akachukua kalamu, akanisogezea kiti, cha mtu mzima, chenye mgongo.

"Kaa," akasema. "Tuanze tangu siku ya kwanza."

Nikakaa.